Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: pima ute kwanza

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa heshima zote, nakuandikia nguo hazijanikauka. Usiku wa kuamkia leo bomba la maji ya kupoozea mitambo limetoboka tena, na aliyelala chini yake, tochi mdomoni, akipapasa koki ya kufungia, ni mimi. Hii ni mara ya tatu. Bomba lenyewe halijatimiza mwaka.

Mara ya kwanza ulisema bomba ni feki. Mara ya pili ulisema fundi ni mzembe, nikakatwa mshahara wa siku tatu. Sijui safari hii ni zamu ya nani.

Nakuomba ushuke karakana uone kipande nilichokikata. Nje rangi haijachubuka. Ndani kumejaa vinundu vya kutu. Ukikibandua kimoja kwa bisibisi unakuta ute mweusi, na chini ya ute kishimo cha mviringo utadhani kimetobolewa kwa keekee. Nimedondoshea ute tone la asidi: yai viza! Kutu ya kawaida hainuki hivyo. Hao ni bakteria wasiohitaji oksijeni, wanaogeuza salfeti, chumvi iliyomo majini, kuwa haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka yai viza na kula chuma. Wala si habari mpya. Waholanzi wawili, von Wolzogen Kühr na van der Vlugt, waliandika juu yao mwaka 1934.

Utasema tunatia klorini. Tunatia, hadi macho yanawasha. Inaua wanaoelea, waliojificha chini ya ute haiwafikii sawasawa, na ikizidi, yenyewe inakula chuma. Mimi nahisi walianza kuzaliana tulipolijaribu bomba kwa shinikizo, kisha maji yakaachwa yalale humo wiki sita tukimsubiri mgeni rasmi aje kukata utepe. (Hotuba ilikuwa nzuri.)

Siku hiyo uliahidi maabara. Ukapigiwa makofi, na mimi nilipiga.

Sidai maabara tena. Naomba ute upimwe. Si maji ya kukinga kwenye chupa, ni ute wenyewe, uliokwanguliwa ndani ya bomba. Mambo ya kusugua mabomba, kukata vipande ambavyo maji hayatembei na kuchagua dawa yatafuata. Kwanza ute. Bomba la nne limeshafika stoo, nimeliona kwa macho yangu. Tafadhali, usiniagize nilifunge kabla ute haujapimwa.

Wako mtiifu,
Fundi wa zamu ya usiku