Mwanangu, kichwa kikiuma shuka

Mwanangu, sisi huku tu wazima, babako na kikohozi chake tu cha siku zote. Ile voisi noti yako niliisikiza nikawa sifahamu, ni wale watu wa hiyo komiki uichorayo ndio wapandao Mlima Kenya ama ni wewe mwenyewe, mpaka nduguyo akanambia ni wewe, tena wiki ijayo. Sasa naona bora niandike maana nikikupigia wanijibu "sawa mama, sawa mama" na hiyo sawa yako naijua.

Nina neno moja. Kichwa kikianza kukuuma huko juu, shuka. Usingoje kukuche, usimeze Panadol ukajifanya umepoa, usiseme mchoro umebaki kidogo. Shuka.

Nimemuuliza binamuyo yule nesi. Asema ukipita kama mita 2,500 hewa yapungua nguvu, mtu aumwa kichwa, atapika, usingizi hauji, na akijilazimisha kupanda maji yaweza kumuingia mapafuni ama ubongo ukafura, na hapo ndipo watu hufa. Na ati haichagui mwenye mwili, vijana wa mbio mbio ndio huumia zaidi kwa vile wapanda haraka. Nikaitazama ile ratiba yako: Nanyuki, geti la Sirimon, usiku mmoja kambi ya Old Moses mita 3,300, kesho yake kambi ya Shipton's mita 4,200. Mita 900 kwa siku moja, na wewe umezaliwa hapa baharini! Binamuyo asema ukishapita mita 3,000 usilale zaidi ya mita 500 hivi juu ya pale ulipolala jana. Bas lala Old Moses siku mbili, pesa ya hiyo siku ya ziada ntakutumia mimi, usimwambie babako.

Komiki yenyewe nimeisoma yote, usidhani nakulaumu kwa kitu nisichokijua. Wale wapenzi waliouliwa zamani wakazaliwa tena hapa Mombasa, huyu Kibokoni yule Likoni, wapishana kila siku kwenye feri hawajuani, mmoja ashuka mwengine apanda, wallahi pale niliiweka simu kwanza. Jirani wote nimewaonyesha, hata yule wa juu asiyetusalimu. Babako ana neno lake kuhusu kufa na kurudi, asema kwetu mtu hufa mara moja akangojea kiyama, nikamuuliza mbona paukwa pakawa alizolelewa nazo zina mazimwi na sijamuona akiyaabudu. Akanyamaza. Baadaye nikamkuta yuwasoma ile ya tatu na miwani yangu.

Ulinambia hata Wamarekani wana Hawkman wao wa komiki tangu 1940, mwana wa mfalme wa Misri aliyeuliwa yeye na mpenziwe wakazaliwa upya, kwa hivyo hukumuiba mtu. Sawa. Lakini mbona humchori Fumo Liyongo, shujaa wa pwani yetu, asiyeweza kufa ila kwa sindano ya shaba kitovuni? Nakumbusha tu, mwanawe ndiye aliyemdunga, na alipopiga magoti pale kisimani na upinde wake watu wakaogopa kuteka maji, mamake ndiye aliyeitwa akambembeleze. Kumbe mtu keshakufa. Mimi sitaki kuitwa mahali na mtu yeyote, wanisikia?

Wale wapenzi wa komiki umewapandisha kilele cha Batian, mita 5,199, majabali ya watu wa kamba. Wewe hata kamba ya nguo hujaifunga ikakaza. Mwisho wako ni Lenana, mita 4,985, ambako watu hufika kwa miguu. Majina hayo umenifunza wewe, Batian laiboni, mkuu wa dini wa Wamasai, Nelion nduguye, Lenana mwanawe, bas ishia kwa mtoto, kwa baba usende. Wasema wataka kuichora ile barafu ya Lewis kabla haijayeyuka ikaisha, na huko chini ya Lenana yaonekana vizuri kwa hivyo Batian huna haja nako. Na kama kichwa kitauma kabla hujaiona, piga picha ya unachokiona hapo ushuke, barafu utaichora kwa kichwa chako, mabawa ya yule binti wa komiki nayo uliyaona wapi?

Mwambie na yule kiongozi wa msafara mapema, wewe husemi ukiumwa, hiyo umerithi kwa upande wa babako. Ulipoacha ile kazi ya klaringi bandarini mimi sikusema kitu, ni yeye aliyesema. Sasa yeye ndiye awaambiaye watu msikitini ati mwanangu ni msanii. Na vile vitabu vyako vya michoro vya shule uviulizavyo kila Idi, muuza njugu alikuwa hana karatasi za kufungia, mambo hayo yashapita, hivi sasa wachora vizuri zaidi.

Huku mifereji imekauka tena, twanunua maji ya mkokoteni na bei wajipangia wenyewe, tanki nalo lavuja. Khalati wako auliza kama harusini utakuweko, nimemwambia utakuweko, kwa hivyo ukiwa juu mguu ukasita ujue nshakujibia.

Sweta ya babako nimeitia kwenye begi la bluu pamoja na halua na tangawizi kavu, nimempa dereva wa basi la usiku, kachukue asubuhi mapema stejini kabla halua haijafunguliwa. Ukifika Nanyuki niandikie, na kila mahali penye netiwaki niandikie kichwa kikoje, si "sawa mama", kichwa kikoje. Na ufunguo wa stoo uliondoka nao wewe, tazama mfuko wa ile suruali ya kijivu umpe dereva huyo huyo aurudishe, fundi wa tanki yuwaja Jumamosi na ngazi iko ndani.

Mamako