Barua ya wazi kwa Waziri wa Nyumba: hata misumari yetu iko kwa sheria

Mheshimiwa Waziri, salamu sana. Mimi ni mkaaji wa mtaa wa mabanda hapa Nairobi, asubuhi napika chapati, jioni niko na kikundi cha majirani tunaosaidiana na mambo ya sheria, ofisi hatuna, tuko na madaftari matatu na simu moja yenye kioo kimepasuka. Leo nakuandikia kuhusu misumari.

Ndio, misumari. Ile asubuhi tulibomolewa tingatinga lilifika saa kumi na moja, giza bado, watu walikuja nalo hawakusema wametumwa na nani na karatasi hatukuonyeshwa, kitu tulikuwa tumeona ni ile X nyekundu imepakwa kwa mabati siku chache kabla, wengine wakasema ni watu wa stima wanahesabu nyumba. Mzee jirani yangu aliomba nusu saa tu ang'oe mabati yake. Akanyimwa. Na bati likishakanyagwa na tingatinga halirudi kwa paa, hilo ni la kuuza kwa kilo kwa watu wa skrepa. Siku mbili mzima alishinda kwa matope akiokota misumari, anainyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe, anatia kwa mkebe. Hiyo misumari ndiyo imeshika nyumba yake ya sasa.

Sasa kumbe Sheria ya Ardhi, venye ilirekebishwa 2016, kifungu cha 152G kinasema wanaokuja kututoa wajitambulishe na waonyeshe kibali, na wenye nyumba wapewe nafasi ya kwanza kubomoa wenyewe na kuokoa mali yao. Nilisoma hiyo mara tatu. Mzee hakuwa anaomba huruma, alikuwa anaomba kitu Bunge lilishampa, ni vile tu hakuna mtu alikuwa amemwambia. Na notisi ni miezi mitatu, kwa maandishi, si X ya rangi.

Najua utasema twendeni kortini. Tumeenda, Mheshimiwa, watu wetu wameenda sana, na Katiba kifungu cha 22 imetufungulia mlango, kesi ya haki za kimsingi huifungui kwa ada na hata ukiandika kwa karatasi ya kawaida korti inaweza kukusikiza, lakini nauli ya kwenda korti za Milimani kila kesi ikiahirishwa nani analipa, na siku ya korti chapati hazijipiki. Angalia watu wa mtaa wa Mitumba, pale kando ya uwanja wa ndege wa Wilson. Mwaka wa 2011 walipewa notisi ya siku saba kwa gazeti, wakakimbia kortini wakapata amri ya kusimamisha, na bado Novemba hiyo hiyo wakabomolewa amri wakiwa nayo mkononi. Mahakama Kuu ikawapa haki 2013, Mahakama ya Rufaa ikaipindua 2016, Mahakama ya Juu ikasema Januari 2021 kwamba korti inaweza kutoa amri halafu ifuatilie kama serikali imetii, na kwamba haki ya nyumba ya kifungu cha 43 cha Katiba si pambo. Halafu faili ikarudishwa Mahakama Kuu waamue watu walipwe nini. Miaka kumi hiyo! Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati wa tingatinga alikuwa ashaingia sekondari.

Ndio maana sisi hatungojei jaji peke yake. Huko Mukuru, mtaa mwingine wa mabanda hapa Nairobi, watu walijihesabu wenyewe, nyumba kwa nyumba, choo kwa choo, Muungano wa Wanavijiji, chama cha watu wa mitaa ya mabanda, wakiwa mbele, wakapeleka hesabu hizo kwa kaunti na 2017 Mukuru ikatangazwa eneo maalum la kupangwa. Ukweli usemwe, 2021 tingatinga lilifika Mukuru kwa Njenga hata baada ya hayo yote, kwa hivyo sijidanganyi eti daftari linazuia chuma. Lakini bila daftari huwezi hata kuthibitisha ulikuwa unaishi hapo, na wakili wa kwanza kukutana naye hilo ndilo swali lake.

Ombi langu ni dogo na halihitaji bajeti. Kabla mtu yeyote kupaka X kwa mtaa wowote, notisi ibandikwe kwa chifu, msikitini, kanisani na pale kwa bomba la maji, kwa Kiswahili, iwe na jina la aliyeitoa, kibali chake na tarehe miezi mitatu mbele. Na hapo chini iandikwe kwa herufi kubwa kwamba unaweza kuipinga kortini na kwamba bati lako utang'oa wewe mwenyewe. Tukiitwa kuiandika pamoja na watu wako tutakuja, tuko kumi na wawili, ila isiwe asubuhi sana, chapati.