Michoro ya kanga: mwisho wa kutuma ni Alhamisi

Habari za jioni, wapendwa.

Tutapitia michoro Jumamosi hii saa 3:00 usiku, kwa simu ya video humu humu kikundini. Faili zinifikie Alhamisi kabla ya saa 12 jioni, maana Ijumaa asubuhi nazipeleka zikachapwe nakala za majaribio.

1. Ukubwa ni A3 ya kulala: pikseli 4961 kwa 3508, yaani 300 kwa inchi.
2. Tuma kama hati, si kama picha. WhatsApp huibana picha, na mistari myembamba ya pindo ndiyo huharibika kwanza.
3. Kagua rangi kwa CMYK, yaani mfumo wa rangi za uchapaji. Kijani na buluu kali za kwenye skrini hufifia zikichapwa, kwa hiyo zirekebishe mapema.
4. Geuza herufi za jina (yale maneno ya kanga) ziwe umbo, la sivyo kompyuta isiyo na fonti yako italibadilisha.

Kuhusu ishara, naomba tusikimbilie. Uwe umechora korosho, jogoo au dau, andika sentensi mbili: inasema nini, na inaitikiaje jina. Mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, ukisema hili na jina likasema lile, mvaaji hana ujumbe wa kumfikishia mtu. Hapo ndipo nataka tutumie muda mwingi Jumamosi.

Mchango wa uchapaji ni shilingi 5,000 kwa kila mchoro. Kama mambo yamebana, niandikie pembeni, tutasaidiana.

Tafadhali jibu "Nipo" au "Sitakuwepo", pamoja na idadi ya michoro yako, kabla ya kesho Jumanne saa 4 usiku.

Asanteni sana.