Kabari za baindingi ziwekwe mwisho, si mwanzo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niwaandikie wasomaji wenu walioko Austria, Uswisi, Ujerumani na Marekani ya Kaskazini, wale walioanza snoubodi ya alpaini. Wengi hununua ubao na baindingi (vishikio vya kufungia viatu kwenye ubao) vilivyokwisha kutumika, jambo la busara kwa kuwa vipya ni ghali. Hatari ni kwamba baindingi hizo huja zikiwa bado na kabari (vipande vya kuinamisha kiatu) za mwenye kuziuza, zilizopangwa kwa urefu wa miguu yake, upana wa mkao wake na magoti yake. Mnunuzi hupanda navyo hivyo hivyo, goti la nyuma linaanza kuuma, naye anaamini mchezo umemshinda. Mchezo haujamshinda. Amesimama katika mkao wa mtu mwingine.

Kwa asiyeufahamu, huu ndio ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa ubao, wawili wawili wakishuka sambamba na kuzunguka vijiti, ambao Ester Ledecká wa Jamhuri ya Czech aliutwalia dhahabu ya Olimpiki mwaka 2018 na tena 2022. Ubao wa mchezo huu ni mwembamba, kiunoni mara nyingi sentimita 18 hadi 21. Kiatu ni kigumu, mfano wa kile cha skii, na hushikwa na tao la chuma mbele na nyuma. Kwa kuwa ubao ni mwembamba kuliko urefu wa kiatu, miguu haiwezi kukaa ikikingama. Huelekezwa mbele kwa digrii 50 hadi 65. Hapo ndipo kabari zinapopata maana.

Mtu akisimama na miguu ikikingama ubao, mkao wake ni wa kutanua miguu. Kadiri unavyoielekeza mbele, kutanua kunageuka kuwa kupiga hatua. Mtazame mtu anayetembea: mguu unaotangulia hutua kwa kisigino vidole vikiwa juu, na ule wa nyuma umeshainua kisigino. Ndiyo sababu kwenye ubao wa alpaini tunainua vidole vya mguu wa mbele na kisigino cha mguu wa nyuma. Huo ndio mwinuko. Kabari ya upande ni jambo jingine: huinua ukingo wa nje wa unyayo, upande wa kidole kidogo, ili goti lielekee ndani kidogo. Kazi ya zote mbili ni kuufuata mwili ulivyo, ili kifundo, goti na nyonga vifanye kazi bila kusokotwa. Anayezitumia kujilazimisha akae kama bingwa aliyemwona kwenye picha atalipia kwa magoti yake.

Kwa hiyo nashauri: toa kabari zote, uanze na sifuri.

Viatu kwanza. Kwenye kifundo kuna kirekebishi cha kuegemea mbele, na baadhi ya viatu vina skrubu ya kulaza shingo ya kiatu upande. Shingo hiyo ifuate muundi wako ulivyo, usiuminye upande wowote. Kiatu cha nyuma huhitaji kuegemea zaidi kuliko cha mbele. Wengi huinua kisigino cha nyuma kwa kabari nene huku kiatu chenyewe kimesimama wima kama ndoo, kumbe dawa ilikuwa kwenye kirekebishi. Mambo haya mawili hayafanani: kuegemea hubadili pembe ya shingo ya kiatu peke yake, kabari hukiinamisha kiatu kizima pamoja na unyayo.

Kisha upana. Pima urefu wa mguu kwa ndani, kutoka kwenye msamba hadi sakafuni, zidisha kwa 0.6. Mwenye sentimita 80 ataanza na 48 kati ya katikati ya baindingi moja na nyingine. Hapo ni pa kuanzia tu. Sentimita moja au mbili mbele au nyuma si kosa. Baada ya hapo geuza baindingi mpaka ncha ya kiatu na kisigino visizidi kingo za ubao. Vikizidi, kiatu kitagusa theluji ubao ukilala sana kwenye kona, ukingo utaachia, nawe utaanguka ghafla. Pembe ya mguu wa mbele izidi ya wa nyuma kwa digrii 3 hadi 5.

Sasa ndipo kabari. Weka ubao juu ya zulia nyumbani, usimame juu yake viatu vimefungwa barabara kwenye baindingi, nyonga katikati ya miguu miwili, kunja magoti kidogo na kuinuka mara kumi. Ikiwa kisigino cha nyuma kinavuta kutoka ndani ya kiatu, au goti la mbele linanyooka lenyewe na mwili unakunjika kiunoni badala ya magotini, mwinuko unahitajika. Anza na digrii 3 vidoleni mbele na 3 kisiginoni nyuma. Kwa baindingi ambazo vipande vya mbele na nyuma vimeachana sentimita 25, kila digrii ni kama milimita 4.4, kwa hiyo digrii 3 ni milimita 13. Nasema hivi kwa sababu kabari nyingi za mkono wa pili zimefutika maandishi, na rula itakuambia ukweli.

Kabari ya upande huja mwisho, na iwe kidogo. Funga uzi wenye kitu kizito uwe timazi, uushike katikati ya pia ya goti ukiwa umejikunja, umwombe mwenzako atazame. Uzi ukiangukia karibu na kidole cha pili, acha kama palivyo. Ukiangukia ndani zaidi, upande wa kidole gumba, na kifundo kinasuguana na ganda la kiatu, ongeza digrii 1 au 2. Mwenye matege aende polepole zaidi: muundi wake tayari umesimama karibu wima hata akitanua miguu, na mara nyingi hahitaji kitu hapo.

Kuna mtego kwa wenye baindingi za diski, yaani zenye kabari ya duara chini yake, kama Bomber TD3, ambazo diski zake ni za digrii 0, 3 na 6. Diski huinama kufuata urefu wa ubao, wala si kufuata mguu, hivyo mwinamo wake hugawanyika kutegemea ulivyoelekeza kiatu. Diski ya digrii 6, kiatu kikiwa digrii 60, hukupa mwinuko wa 5.2 na kabari ya upande ya 3. Geuza kiatu kiwe 45, utapata 4.2 kwa kila moja: mwinuko umepungua, goti limesukumwa ndani zaidi, na hujagusa diski. Aliyepunguza pembe ili kuhamia ubao mpana kisha goti likaanza kumsumbua, atazame hapa kwanza. Baindingi ambazo kabari hukaa chini ya vipande vya mbele na nyuma, kama za F2, hazina tatizo hili kwa kuwa kabari hugeuka pamoja na mguu.

Ukifika mlimani chagua mteremko mpana na mpole, ushuke mara tatu au nne kwa kila badiliko, na ubadili kitu kimoja tu kwa wakati. Mkia ukiteleza mwishoni mwa kona huku unajihisi umesukumwa mbele, kisigino cha nyuma kimeinuka mno. Pua ya ubao isipouma theluji mwanzoni mwa kona na paja la nyuma likawaka, vidole vya mbele vimeinuka mno. Maumivu ya upande wa ndani wa goti ni ishara ya kuondoa kabari ya upande siku hiyo hiyo, bila kungoja lizoee.

La mwisho ni skrubu, na hapa nawasihi sana. Skrubu za ubao ni M6 (unene wa milimita 6), na kila mzunguko mmoja ni milimita 1. Ukiongeza kabari chini ya baindingi, skrubu ile ile sasa inashika kwa nyuzi chache. Zikiwa chini ya mizunguko 6, nati ya ndani ya ubao inaweza kung'oka ukiwa kwenye mwendo. Ukitoa kabari ukaacha skrubu ndefu, itagonga mwisho wa tundu na kuvimbisha sakafu ya ubao kwa chini. Tumbukiza njiti ya kiberiti kwenye tundu, weka alama, linganisha na sehemu ya skrubu inayochomoza chini ya baindingi. Kwa skrubu zenye vichwa vya aina ya Pozidriv tumia bisibisi ya Pozidriv namba 3. Ya Phillips, ile ya msalaba ya kawaida, huvila. Gundi ya kukaza nyuzi iwe ya buluu, na isigusane na plastiki, kwa maana huweza kuipasua. Kila ukibadilisha kabari kagua pia mkazo wa tao la chuma na ukirudishe kiatu katikati ya ubao, kisha kaza skrubu zote tena baada ya kushuka mara ya kwanza.

Msomaji wenu,
Innsbruck, Austria