Mguu ukikubana njiani

Mwanangu mpendwa,

Jana usiku simu ilikatika kabla sijakwambia nililotaka kukwambia, na nilipopiga tena ulikuwa umeshalala. Sikukuamsha, aliyekanyaga baiskeli kilomita 140 ana haki ya usingizi wake. Mimi ndiye niliyekesha. Nilikuwa nakuona kama ulivyosimulia, kwenye kilomita ya 110, umelala kando ya barabara, kigimbi kimekuwa kigumu kama jiwe, na wenzako wamekuzunguka kila mmoja na dawa yake. Huyu chumvi, yule ndizi, wa tatu vidonge vya magnesiamu. Ukamalizia: "Mama, kosa ni langu, sikunywa maji ya kutosha. Safari ijayo nabeba chupa mbili zaidi."

Ni hilo neno la mwisho lililonifanya nichukue kalamu. Kwa maelezo yako mwenyewe, mpaka unaanguka ulikuwa umeshakunywa lita mbili na nusu kwa muda wa saa nne hivi. Mwanangu, hicho si kiu. Yapo mambo mengine mawili uliyoyataja kwa kupita tu, na mimi ndiyo yaliyonikaa kichwani: kwamba kabla ya siku hiyo hukuwahi kuvuka kilomita 70, na kwamba wiki iliyopita rafiki yako alikuinulia siti ili upate nguvu zaidi ya kusukuma.

Habari ya maji na chumvi ni ya kale. Zaidi ya miaka 90 iliyopita, madaktari waliwaona wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa tanuri za meli wakibanwa na misuli kwenye joto kali, wakawapa maji yenye chumvi, na wengi wakapata nafuu. Toka hapo kila aliyebanwa mguu huambiwa amekosa chumvi. Mwaka 1997 mtafiti Martin Schwellnus na wenzake wa Afrika Kusini walitoa hoja tofauti: kwamba kwa mwanamichezo chanzo kikubwa ni uchovu wa msuli, unaovuruga mawasiliano kati ya msuli na uti wa mgongo. Mwaka 2011 yakachapishwa matokeo ya uchunguzi wao kwa washiriki zaidi ya 200 wa mashindano ya Ironman, yale ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, ambayo ndani yake mna kilomita 180 za baiskeli. Waliobanwa hawakuwa wamepungukiwa na maji kuliko wenzao. Walichotofautiana nacho ni kwamba walikwenda kwa kasi kubwa zaidi, na wengi wao walikuwa wamewahi kubanwa kabla.

Ngoja nikueleze jinsi ninavyolielewa, maana ukilielewa hili mengine yote yanakuja yenyewe. Ndani ya msuli mna vihisio vinavyouambia uti wa mgongo "kaza", na kwenye kano, pale msuli unaposhikana na mfupa, mna vihisio vingine vinavyosema "legeza, yatosha". Msuli ukiwa mzima sauti hizo mbili hupimana. Ukichoka, ya kukaza hupanda na ya kulegeza hufifia. Sasa ongeza jambo moja: vihisio vya kwenye kano huamka kano inapovutwa. Msuli unaokazwa ukiwa umeshajikunja haulivuti kano vya kutosha, kwa hiyo sauti ya kulegeza hupotea karibu yote. Ndipo msuli unapojifunga wenyewe na kukataa kufunguka.

Irudie siti yako ukiwa na hilo akilini. Siti ikiwa juu mno, pedeli inapofika chini mguu hauifikii sawasawa, na mwili hujisaidia kwa kunyoosha kidole gumba kuelekea chini. Kisigino kikipanda, kigimbi hujikunja. Ukifanya hivyo mara 80 kwa dakika kwa saa nne, kila mguu umekanyaga zaidi ya mara 19,000, na mara zote hizo kigimbi kinafanya kazi kikiwa kifupi, kwenye miguu iliyozoea nusu ya mwendo huo. Mimi sishangai kwamba kilijifunga. Nashangaa kilivumilia mpaka kilomita ya 110.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, rekebisha siti. Kaa juu yake umeegemea ukuta, weka kisigino kwenye pedeli, isukume mpaka chini kabisa. Goti linyooke bila kiuno kuyumba upande. Ukirudisha sehemu pana ya wayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjika kidogo, nyuzi 25 hadi 35 hivi, na hapo ndipo pake. Kama unavaa viatu vinavyofungwa kwenye pedeli, rudisha vile vibanio nyuma kidogo kuelekea kisigino, kigimbi kitapumua. Usibadilishe vitu viwili siku moja, hutajua kipi kimekusaidia.

La pili ni mazoezi yenyewe, na hapa nakuomba usinikasirikie. Kuruka kutoka kilomita 70 hadi 140, tena na kundi linalokwenda mbio, ni kuiomba miguu kitu ambacho hujaifundisha. Panda taratibu: 80, 90, kisha wiki moja ya kupumzika kwa safari fupi, kisha 100. Na angalau moja ya safari hizo iwe na vilima na kasi inayofanana na ya siku yenyewe, kwa sababu msuli unajifunza ukali wa kazi pamoja na urefu wake. Siku ya safari, saa mbili za mwanzo uende kwa mwendo ambao unaweza kumaliza sentensi nzima bila kuhema. Kundi likikuacha, likuache. Najua inavyouma kuona migongo yao ikipotea kwenye kona.

Gia pia. Nimekuona ukipanda mlima kwa gia nzito, pedeli inazunguka mara 55 au 60 kwa dakika, bega linacheza. Kwa kasi ileile, gia nyepesi inayozunguka mara 85 au 90 inapunguza nguvu ya kila mkanyago, na ni ile nguvu kubwa inayoichosha misuli mapema. Mwanzoni mapafu yatalalamika, yatazoea.

Sikukatazi kunywa. Nusu lita mpaka robo tatu kwa saa inawatosha wengi, zaidi kidogo kwenye joto, na kiu ni mshauri mzuri kuliko unavyodhani. Pima uzito kabla na baada ya safari: kupungua kidogo ni kawaida, lakini ukirudi mzito kuliko ulivyoondoka, umekunywa kupita kiasi. Hili nalisema kwa uzito wote. Maji matupu mengi mno huzimua chumvi ya damu, na watu wamekufa kwa hilo kwenye mashindano marefu. Ukiwa mtu wa jasho jingi, lile linaloacha mabaka meupe kwenye nguo, tia chumvi kidogo kwenye chupa. Na ule mapema. Gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, kuanzia saa ya kwanza, maana msuli ulioishiwa chakula ni msuli uliochoka.

Ndizi ni chakula kizuri, ila usiitegemee ikufungulie mguu pale barabarani. Madini yake ya potasiamu huchukua karibu saa nzima kuonekana kwenye damu, tena kidogo. Magnesiamu haijathibitishwa kuzuia kubanwa kwa wanamichezo. Kwinini, akikupa mtu yeyote kwa ajili ya misuli, kataa. Madhara yake kwa moyo na damu ni makubwa kuliko faida. Kitu kimoja cha ajabu ni maji ya matango yaliyolowekwa kwenye chumvi na siki. Mwaka 2010 watafiti waliwabana watu msuli wa mguuni kwa umeme, wakawapa funda chache za maji hayo, na msuli ukafunguka upesi kuliko kwa waliopewa maji ya kawaida, kabla hata damu haijabadilika. Inaelekea ule ukali unapogusa koo hutuma ujumbe kwenye neva. Ukitaka, beba kichupa.

Sasa mguu ukibana licha ya yote. Mara nyingi hutanguliwa na ishara: msuli huanza kuchezacheza chini ya ngozi, kama kuna kitu kinatembea. Hapo hapo punguza, weka gia nyepesi, na baiskeli inapoteremka yenyewe simamia pedeli iliyo chini, mguu umenyooka, kisha shusha kisigino kiwe chini kuliko vidole. Ukishindwa, toka barabarani kwanza. Kigimbi: nyoosha goti na vuta vidole kuelekea kwako. Nyuma ya paja: weka kisigino juu ya kitu kifupi, goti limenyooka, inama mbele polepole. Mbele ya paja: shika kifundo cha mguu na ulete kisigino makalioni. Vuta taratibu, shikilia nusu dakika au zaidi mpaka msuli uache kucheza, usirukeruke. Unalivuta lile kano ili sauti ya kulegeza isikike tena. Usiupige msuli ngumi kama alivyokufanyia yule mwenzako. Alikusudia mema, lakini msuli uliofungwa hupata majeraha kirahisi. Ukirudi barabarani, robo saa nzima uende kwa gia nyepesi, na ukubali kwamba siku hiyo mwendo umepungua.

Najua linalofuata ukishindwa kukubali. Kabla hujazaliwa nilibanwa nyuma ya paja, nikauma meno, nikasimama juu ya pedeli kuumaliza mlima. Nikasikia kitu kimekatika kama uzi. Wiki saba sikupanda baiskeli, na mpaka leo baridi ikija paja hilo hunikumbusha. Sitaki uupate ujuzi huu kwa njia ile.

Na usinifiche haya: ukiona mkojo mweusi kama chai ya rangi baada ya safari, au kigimbi kimoja kimevimba, kina joto na kinauma siku ya pili bila kuacha, au misuli inabana ukiwa umekaa tu mara kwa mara, nenda kwa daktari siku hiyohiyo kisha ndipo unipigie.

Leo pumzika. Kesho, kabla hujagusa spana, chukua futi ya kupimia na upime kutoka katikati ya ule mhimili ambao mikono ya pedeli huuzunguka mpaka juu ya siti, ukifuata bomba. Siku tulipoinunua baiskeli hiyo niliandika kwenye daftari sentimita 71. Umekua kidogo tangu hapo, kwa hiyo 72 haitanishtua. Ikisoma 74, ishushe milimita tano, uiendeshe kwa wiki moja, kisha tano nyingine, na uniandikie kila mara kigimbi kinasemaje.

Naisubiri hiyo namba.

Mama yako