Lamb si wa kushangiliwa

Mhariri,

Jumapili tulibishana barazani hadi saa mbili usiku juu ya Red Country, riwaya ya Joe Abercrombie ya mwaka 2012. Ni nchi ya kubuni, lakini ina misafara ya magari ya kukokotwa na watu wenye uchu wa dhahabu, kama sinema za zamani za Marekani.

Vijana wanamshangilia Lamb, baba wa kambo mpole anayegeuka muuaji. Siwaungi mkono hata kidogo. Shy, binti wa kambo wa Lamb, anarudi kutoka kuuza nafaka, anakuta nyumba imeteketea, mzee Gully amenyongwa, wadogo zake Ro na Pit wametekwa. Nimelea wadogo zangu wanne. Hapo nilirudia mara tatu, chai ikapoa.

Msomaji wenu,
Tanga