Kibegi cha kamera, kabla hujaja Kigoma

Swahiba,

Salamu nyingi kutoka Mwanga, hapa Kigoma. Sisi huku wazima, mvua zimeanza na mchana ziwa linachafuka. Nimeipata picha ya begi la kamera unalotaka kununua hapo Tabora. Kwa upendo wote nilionao kwako, naomba usilinunue. Lile ni begi la kuhamia nyumba, nawe unakuja kupiga picha.

Angalia mzigo wenyewe. Kamera yako, Sony a6400, ni gramu 403 pamoja na betri na kadi. Lenzi ya Sigma ya milimita 18-50 ni karibu gramu 290, na ile ya milimita 56 ni gramu 280. Vyote vitatu havifiki kilo moja. Kinachokutosha ni kibegi cha mkanda mmoja, cha kuvaa begani kikakatiza kifuani, cha lita 4 au 5. Begi likiwa kubwa utalijaza tu, nakujua. Utatia tripodi, utatia flashi, na kwenye hifadhi ya Gombe sokwe hawapigwi flashi.

Ila lita zisikudanganye. Begi la sentimita 30 kwa 24 kwa 7 linaitwa la lita 5, na la 25 kwa 20 kwa 10 nalo ni la lita 5. La kwanza litakataa kamera yako, kwa sababu sponji inakula sehemu ya hizo sentimita 7 na bodi ya kamera peke yake, bila lenzi, ina kimo cha karibu sentimita 7. La pili litaipokea ikiwa na lenzi yake, imeinamishwa mdomo chini, na ile 56 ikakaa pembeni. Kwa hiyo chukua rula, pima kamera ikiwa na lenzi, kisha muulize muuzaji vipimo vya ndani. Akikupa vya nje, mwombe alifungue mbele yako upime mwenyewe.

Halafu zipu. Hili nalisisitiza kwa ajili ya mwalo wa Kibirizi, pale ufukweni mitumbwi ya wavuvi inapofikia. Asubuhi wavuvi wanaporudi na dagaa, kila kitu kinatokea kwa pamoja: mitumbwi inagusa mchanga, beseni zinapokezana, watu wanapishana maji yakiwafika magotini. Kibegi ukivuta mbele kifunguke kwa mkono mmoja, na kifuniko kilalie upande wa nje, mbali na kifua chako, ili mkono uingie moja kwa moja kwenye kamera. Kikilalia kwako kitakuziba na lenzi inaweza kuchomoka upande usiouona. Meno ya zipu yawe manene, maana dagaa wanaanikwa hapo hapo mchangani na mchanga unaingia kila mahali. Kifungue na kukifunga dukani ukiwa umekivaa. Kikikwama hata mara moja, kirudishe. (Na usije wakati wa mbalamwezi. Wavuvi wanaovua dagaa usiku kwa taa wanapumzika, utakuta mwalo umepoa.)

Mkanda uwe mpana, wa kurefushwa na kufupishwa haraka. Ukipata chenye kimkanda cha pili cha kuzuia kibegi ubavuni, chukua hicho hata kama bei imezidi kidogo. Gombe hakuna barabara, unafika kwa boti na kutoka ufukweni unapanda milima mikali, mahali pengine umeshika mizizi kwa mikono yote miwili. Kibegi kisichofungwa kitazunguka mbele kila unapoinama. Ukiwapata sokwe una saa moja tu ya kukaa nao, na msituni mwanga ni hafifu, kwa hiyo ifunge kwenye kamera ile 56 ya f/1.4, inayoingiza mwanga mwingi, tangu ukiwa chini. Usipoteze dakika kubadilisha lenzi huku unahema. Wala usiweke karanga wala ndizi kwenye kibegi, nyani wa ufukweni pale hawabishi hodi.

Kuhusu maji, zipu zilizopakwa mpira zinazuia matone, hazizuii wimbi. Beba mfuko mgumu wa plastiki wa kukunja mdomo, kamera ikae humo mpaka umeketi vizuri kwenye boti. Vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, tupia viwili ndani.

Rangi chagua kijivu kilichokolea, na nembo kubwa ya kamera nje isiwepo. Kwenye treni utalala umekikumbatia na hakuna atakayejua kina nini.

Mambo ya mifuko midogo midogo ya ndani sina maoni. Mmoja wa betri na kadi unatosha.

Ukishaona kingine, nitumie vipimo vya ndani na picha ya mkanda kabla hujalipa. Ukikosa kabisa hapo Tabora, njoo hivyo hivyo na kamera imefungwa kwenye kanga, tutamtafuta fundi wa mabegi hapa mjini atushonee cha turubai kwa vipimo vyetu. Sponji ninayo.

Wasalimie nyumbani, hasa mama.

Wako wa Mwanga, Kigoma